Wimbo wa Saba wa Bwana Orrowby

Mtunzi huyu hamumjui, msijisumbue kujifanya mnamjua. Nimewauliza wanamuziki watatu wenye vyeti vyao, mmoja kasoma Ulaya, na wote wamekuna vichwa. Silas Orrowby alikuwa mpiga kinanda wa kanisa katika mji mdogo wa Uingereza. Alitunga nyimbo kumi na moja za sauti nne, na simfonia moja iliyopigwa mara moja tu, na hata siku hiyo inasemekana watu waliondoka kabla haijaisha. Lakini katika nyumba moja ya Ngonga, kijiji chetu cha Wanyakyusa, miaka ya mwisho ya Mjerumani, mtu huyu alijulikana kuliko Kaisari.

Aliyempenda kuliko wote ni bibi yangu mzaa mama, Anyosisye. Aliolewa na Hezroni mwaka 1912, akiwa msichana mrefu, mkaidi, mwenye sauti nzito kidogo ambayo dada zake walikuwa wakimcheka nayo. Hezroni ndiye mtu wa kwanza aliyemwambia kwamba sauti ile ina jina na ina kazi yake. Inaitwa alto, alisema, na bila hiyo wimbo hausimami.

Hezroni alikuwa amesoma shule ya misheni ng'ambo ya mto Songwe, kwa Waingereza, akajifunza huko kusoma nota zile za do re mi. Baadaye akafanya kazi ya kupakia kuni kwenye meli ya moshi huko Karonga, upande uleule wa Waingereza. Fundi wa mitambo wa meli ile, Mwingereza mwenye ndevu za mvi, alikuwa kila akifunga bomba anapiga mluzi, na mluzi wake haukuwa wa nyimbo za kanisani wala za walevi. Hezroni akamuuliza ni wimbo gani. Yule mzee alishangaa, maana hata Waingereza wenzake hawakuwahi kumuuliza. Ujana wake aliimba katika kwaya ya Bwana Orrowby. Siku aliyorudi kwao akamwachia Hezroni daftari alilonakili kwa mkono, nyimbo zote kumi na moja, akamwambia, "Kwetu hana wa kumwimba. Labda kwenu."

Hezroni akaja nalo nyumbani, akakaa mwezi mzima anageuza maneno kuwa Kinyakyusa. Kisha akawagawia watu wa nyumba yake sauti. Mama yake, Veronika, soprano. Mkewe, alto. Yeye mwenyewe akachukua tena, sauti ya tatu, ile nyembamba ya wanaume. Na baba yake Lameck, ambaye akiita ng'ombe walimsikia mpaka kijiji cha Talatala, akampa besi.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si kwamba wamegombana, ni heshima. Mwanamke akimwona baba wa mumewe anakuja njiani, anaingia majanini na kujifunika kichwa mpaka apite. Hamtazami usoni, hamsemeshi, halitaji jina lake, na yeye mzee vivyo hivyo. Likiwapo la kusema, linapitia kwa mtu mwingine. Kuna wajukuu wa siku hizi wanaosikia hivi na kusema, "Jamani, ushamba." Nawaambia wafunge midomo yao. Watu wale wawili waliishi ua mmoja na hakuna siku waliyovunjiana adabu, ninyi mnaokula meza moja mmeshapelekana mahakamani mara ngapi?

Basi Hezroni akasimamisha ukuta wa mianzi katikati ya ua. Lameck alikaa upande wa ng'ombe, juu ya kigoda chake. Wanawake walikaa upande wa jikoni. Hezroni alisimama ukingoni mwa ukuta, pale panapoonekana pande zote mbili, akawaongoza mkono mmoja huku na mkono mwingine kule. Walifundishana wimbo kwa wimbo, jioni jua likiwa bado liko juu ya migomba. Walipomaliza wa kwanza Veronika aliuliza, "Mzungu huyu alifiwa na nani?" Hezroni hakujua. Mwalimu wa kwaya ya misheni alikuja kuwasikiliza mara moja, akauliza Orrowby ndiye nani, akasema hajapata kuona kwaya yenye ukuta ndani yake, akaenda zake. Hawakuitwa kanisani. Hawakujali.

Wa saba ndio uliowashika. Ni wimbo wa mtu aliye safarini anayewaomba watu wa kwao wasifunge mlango. Beti mbili zinaimbwa na wote. Halafu sauti zote zinanyamaza, na sauti ya tatu, ile tena ya Hezroni, inabaki peke yake na maneno mawili tu: niko njiani. Kisha wenzake wanaipokea na kwenda nayo hadi mwisho. Bibi alisema kila walipofika hapo alikuwa anafumba macho, na si kwa kusali.

Agosti 1914 vita vikaanza. Askari wa Mjerumani wakapita Ngonga kuandika wanaume wenye mabega, na Hezroni akaandikwa mpagazi. Bibi alikuwa na mimba ya mama yangu, Neli. Veronika alilificha daftari ndani ya chungu cha Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwani, na kulifunika kwa mpunga, maana kitu cha Kiingereza siku hizo kingeweza kumfikisha mtu pabaya. Asubuhi ya kuondoka Hezroni alisimama ukingoni mwa mianzi, mahali pake, mzigo ukiwa begani.

"Wa saba muuimbe," alisema, pande zote mbili zimsikie. "Lakini pale pangu msipajaze. Nitakuja kupaimba mwenyewe."

Wakamtii. Veronika akahamia ukingoni kuwaongoza. Kila jioni waliimba wa saba, na wakifika pale pa Hezroni wote watatu walinyamaza kwa urefu uleule wa maneno yake mawili. Walisikika ng'ombe na majani ya migomba, basi. Kisha Lameck anavuta pumzi kwa nguvu kule ng'ambo, na wanaendelea. Mama yangu alizaliwa akaukuta wimbo una shimo katikati, akajua ndivyo ulivyotungwa.

Mwaka 1915 wanawake waliotoka sokoni walileta habari kwamba Hezroni amekufa. Msiba ukawekwa, watu wakalia na kucheza ngoma ya kilio siku tatu. Siku ya nne akapita mpagazi aliyetoka kwake akisema ni mzima, ila miguu imevimba, na anauliza kama baba bado anachelewa kwenye ubeti wa pili. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Lakini pia aliona aibu: alikuwa amemlilia mtu aliye hai.

Miezi michache baadaye habari ya kifo ikaja tena. Safari hii aliyeileta ni Aliko, mdogo wake Hezroni, ambaye kwa desturi ndiye angemrithi mjane. Sisemi aliitunga. Nasema aliiamini upesi. Wazee wa ukoo wakaanza kuulizana ni lini Anyosisye atahamia kwa Aliko, na Anyosisye akaona maji yamemfika shingoni. Akamwita Veronika jikoni.

"Mama, nimechoka kuuliwa mume na watu wa njiani," alisema. "Mwambie baba hivi. Mimi sitaamini mtu mwingine yeyote. Siku atakayojua kweli, asinitumie mtu. Aniambie mwenyewe."

"Wewe mtoto una wazimu? Atakuambiaje, naye hawezi kukusemesha?"

"Mwambie tu, mama."

Veronika alizunguka ukuta, akamfikishia mumewe. Anyosisye alisikia kila neno, na Lameck alijua anasikia. Mzee akajibu, kwa sauti ya kuvuka mianzi, kana kwamba anazungumza na ng'ombe: "Ndaga fijo." Asante sana, yaani neno amelipokea. Na kwa wazee wa ukoo akapeleka neno kwamba mkamwana wake hahami. Hakuna aliyemgusa tena bibi.

Basi akangoja. Mei 1916 Mjerumani aliondoka na Mwingereza akaingia, daftari likatolewa kwenye mpunga, na watu wakasema sasa wapagazi watarudi. Wengine walirudi. Bibi alianza kufagia pale ukingoni mwa ukuta kila asubuhi, mahali pa miguu miwili tu.

Septemba akarudi Andongwisye, aliyebeba mzigo mstari mmoja na Hezroni. Alimkuta Lameck machungani, mbali na nyumba, akamweleza hapohapo. Kuhara damu, mwezi Julai, upande wa Lupembe. Yeye Andongwisye mwenyewe alishika jembe la kaburi. Alisema Hezroni aliwafundisha wapagazi besi ya wimbo fulani na wote waliukosea, akawa anacheka. Lameck akamwomba asifike nyumbani kwake siku ile. Haya yote yalijulikana baadaye.

Lameck alirudi na ng'ombe saa yake ileile. Hakumwita mkewe kando. Alikaa kwenye kigoda, na wanawake upande wa pili wakasikia kigoda kinalia kama siku zote. Veronika akaenda ukingoni, akainua mkono. Neli alikuwa mapajani mwa mama yake anachezea pishi.

Wakaanza wa saba. Bibi alisema hakusikia tofauti yoyote, na jambo hilo lilimuuma hadi uzee wake: kwamba beti mbili nzima aliimba vizuri, kwa furaha, bila kujua. Wakafika pale. Wakanyamaza wanawake wawili, wakingoja pumzi ya mzee.

Lameck akaimba.

Akaimba pale pa Hezroni, yale maneno mawili, kwa sauti ya mwanawe. Ilikuwa juu mno kwake. Sauti ile iliyoita ng'ombe hadi Talatala ilikwaruza, ikakatika katikati ya neno, akairudia, akaifikisha. Niko njiani.

Veronika, aliyekuwa anamwona, alishusha mkono. Alimtazama mumewe usoni, kisha akatoa ukelele na kuanguka palepale palipofagiwa. Naye hakuwa ameambiwa. Alikuwa mama yake Hezroni, na alijulishwa kwa wimbo kama mkamwana.

Bibi hakupiga kelele. Alinisimulia hivi akiwa kipofu tayari, mkono wake juu ya goti langu. Alisema alijua papo hapo, na aliamini, kwa sababu mzee yule asingejaza mahali pale kama kungekuwa na mwenye kurudi kupajaza. Alitaka kukimbilia upande wa pili amshike miguu. Hakuweza. Hakuwa amewahi kumwona uso hata siku moja, na hakumwona hata siku hiyo.

Ng'ambo ya mianzi Lameck alikuwa hajanyamaza. Aliendelea na tena ya mwanawe, peke yake, akilia ndani yake, soprano hakuna, besi hakuna. Bibi akamkumbatia Neli, akaingia na alto yake, akamsindikiza hadi mwisho, kwa sababu baba mkwe alikuwa amemwambia mwenyewe kama alivyomwomba, na hapakuwa na njia nyingine ya kumjibu.