Figo ya Kanyiva Ndani ya Kiilu

Kanyiva alikuwa fundi wa kushona sare za shule mjini Kibwezi, mjane wa miaka arobaini na sita, na hakuwahi kulazwa hospitalini ila kwa kujifungua. Figo za mdogo wake Kiilu, aliyelima karela, yale matango machungu, kando ya mto kwa maji ya pampu, zilipokufa zote mbili, ni yeye aliyesema, "Chukueni yangu moja." Hakumwuliza mtu. Vipimo vilipotoka, muuguzi alishangaa. Walilingana kwa kila kitu, karibu kama mapacha. Kanisani watu walisimama wakashukuru kana kwamba mgonjwa ameshapona.

Upasuaji ulifanywa Nairobi mwezi wa kumi na moja. Figo ilipotolewa, mishipa yake ilikuwa miwili myembamba badala ya mmoja, na kuitengeneza kulikula muda mrefu kuliko walivyopanga. Kwa karibu saa nne ilikaa kwenye barafu bila damu. Kiilu alishonwa vizuri, lakini mkojo haukutoka. Siku ya kwanza, ya pili, ya tisa. Kanyiva alikuwa akijikokota hadi kitandani kwa Kiilu, mkono mmoja ukutani na mwingine ukishikilia kidonda, ili autazame mfuko wa mkojo, bado mtupu. Siku ya kumi na moja ukaanza kujaa. Watu wakazisahau zile siku kumi. Yeye hakuzisahau.

Kiilu alirudi shambani mwezi wa pili, amenenepa mashavu kwa sababu ya dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo. Mwezi wa nne akashikwa na homa ya mkojo, akatibiwa, ikaisha. Wiki tatu baadaye alienda kliniki yake ya kawaida mjini Wote, na kipimo cha uchafu ambao figo huutoa kwenye damu, ambacho kilikuwa mia moja na kumi, kikasoma mia nne.

"Uliacha dawa?" Kanyiva alimwuliza jioni hiyo.

"Sijaacha, dada."

"Hata siku moja? Ukiwa sokoni, ukichelewa?"

"Hata siku moja."

Hakumwamini. Kesho yake Kiilu alipokuwa kwenye pampu, Kanyiva aliingia chumbani kwake, akamwaga vidonge kwenye leso na kuvihesabu akilinganisha na tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti. Akahesabu tena. Havikuzidi wala kupungua. Alipoinua macho, Muthoki, mke wa Kiilu, alikuwa mlangoni.

"Umepata ulichotafuta?"

"Hapana."

"Mimi pia nilihesabu juzi," Muthoki akasema, kisha akarudi jikoni.

Kanyiva alikaa pale na leso mapajani. Angekuta vimezidi angekasirika, amgombeze, na mambo yarekebishwe. Sasa hapakuwa na wa kugombezwa. Kitu kilikuwa kinaila ile figo huku kila mtu akifanya alichoambiwa.

Hospitalini walikata kipande kidogo cha figo kwa sindano kikapimwa. Daktari Nasreen, mwenyeji wa Mwingi aliyekuwa akimfuatilia Kiilu, aliwaita wote watatu.

"Si kosa lako," alimwambia Kiilu kwanza, na Kanyiva akaangalia chini. "Mwili una askari wa aina mbili. Wako wanaojifunza kumtambua mgeni. Hao ndio tuliwaangalia tulipopima kama mnalingana, na hao ndio dawa zako zinawalaza. Lakini kuna wengine tunazaliwa nao. Hawa hawasubiri kujifunza. Wakisikia mahali pameumia, wanakuja."

"Na ni wapi palipoumia?" Kanyiva akauliza.

"Kwenye figo. Zile saa ilizokaa bila damu ziliijeruhi. Damu iliporudi, seli zilizoumia zikaanza kutoa ishara, na hawa wakaingia. Walitulia, tukafikiri yameisha. Homa ya mkojo ikawaamsha. Sasa wamejaa mle ndani, na wanawaita wale wengine tuliokuwa tumewalaza."

"Lakini tulilingana."

"Mlilingana kweli," daktari akasema. "Hawa hawaangalii hilo sana."

Kiilu alilazwa, akawekewa dripu ya dawa kali siku tatu, halafu nyingine iliyomtetemesha mpaka kitanda kikalia. Kipimo kikashuka hadi mia mbili na ishirini, kikakwama hapo. Daktari hakusema amepona. Alisema figo imebaki na makovu, inafanya kazi kwa nusu, na hakuna dawa inayowafikia vizuri wale wa kuzaliwa nao.

Nyumbani Kanyiva alimwambia ukweli. "Nilikuhesabia vidonge."

"Muthoki aliniambia," Kiilu akajibu. Alikuwa akipanga karela kwenye kreti, akitoa zilizopinda. "Nilifurahi kwamba mtu amehesabu. Nilikuwa nimeanza kujishuku mwenyewe."

Mwezi wa nane kipimo kilisoma mia mbili na sitini. Mwezi wa tisa, mia tatu na tano. Daktari Nasreen aliushika mkono wa kushoto wa Kiilu, akapapasa mishipa yake juu ya kifundo, akasema asikubali tena mtu yeyote auchome sindano, utahitajika kwa mashine ya kusafisha damu. Kiilu alishusha mkono wa shati polepole na kufunga kifungo. Kanyiva aliuliza ni lini. Daktari akasema pengine baada ya mwaka, pengine Krismasi hii, na akawaandikia tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili badala ya nne.