Udaktari Wangu na Mkono wa Marehemu Zabron

Siku natetea tasnifu yangu ya udaktari, nilisimama mbele ya maprofesa nikamsifia kaka yangu weee. Nikasema anaendelea vizuri. Nikasema kila siku anajifunza kitu kipya.

Wakati huo Zabron alikuwa kaburini tangu masika.

Ukoo mzima ulijua. Kamsamba nzima ilijua, mpaka muuza vocha wa sokoni alijua. Asiyejua ni mimi tu.

Ngoja niwape kisa chote.

Naitwa Nyanzobe. Sisi ni Wasukuma tuliohamia Kamsamba na ng'ombe wetu, huku bondeni Momba ambako joto halina adabu. Zabron ndiye kaka yangu pekee. Akiwa kijana, mashine ya kukoboa mpunga ilimkata mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko.

Watu wakiniuliza kwa nini nilisomea roboti, huwa nawapa majibu ya kisomi. Ukweli ni kwamba nilitaka kaka yangu apate mkono. Basi.

Nikakomaa na shule, nikapata nafasi ya udaktari Ulaya, nikautengeneza huo mkono wa roboti. Una bangili inayovaliwa chini ya kiwiko. Bangili inasoma misuli na kuutumia mkono ishara bila waya, vidole vinafunga na kufungua. Kumbukumbu za kila mshiko zinaingia kwenye simu inayokaa na mkono, na mtandao ukishika zinanifikia maabara.

Nilimletea mwenyewe. Siku ya kwanza tu alimsalimia baba mdogo Ndalahwa kwa mkono wa kulia, bila kuomba radhi kwa kutumia kushoto. Baba mdogo akageukia ukutani. Mzee analia na hataki tumwone.

"Ila usiuloweshe," nilimwambia Zabron wakati naondoka. "Maji yakiingia tu, umeharibika."

"Sawa, daktari. Nitaulaza kitandani, mimi nilale chini."

Tukacheka. Sikumwona tena.

Nilivyorudi chuoni kumbukumbu zikaanza kumiminika. Mshiko wa jembe, wa kamba, wa ndoo. Nguvu nyingi, muda mfupi. Zabron alikuwa anapiga kazi.

Masika yalipoingia, kumbukumbu zikakatika ghafla. Nikampigia mama.

"Mama, Zabron ameufanya nini mkono? Kumbukumbu zisipokuja ndiyo basi tena, simalizi."

"Yuko machungani mwanangu. Anaogopa kuulowesha. Nitamwambia awe anauvaa jioni akirudi. Wewe soma."

Kweli, baada ya siku chache zikaanza kuja, na zote za jioni. Nikiomba kuongea naye naambiwa amelala, au yuko na ng'ombe. Sikushtuka, maana Zabron na simu havikuwahi kupatana. Meseji zake zilikuja fupi fupi: niko poa, soma dada.

Ila mshiko ulikuwa umebadilika.

Ulikuwa laini. Vidole vinafunga polepole, vinagusa kitu kwa upole, halafu vinakaa hapo hapo muda mrefu sana bila kuachia. Mimi sikuwahi kumfundisha mtu mshiko ule. Msimamizi wangu alipouona akavua miwani.

"Huyu mtu amejifunza mwenyewe," akasema. "Hii ndiyo tasnifu yako."

Nikaandika sura nzima juu ya ule mshiko. Siku ya kutetea, maprofesa walinyanyuka wakapiga makofi. Nikaahidiwa kazi ya utafiti pale pale chuoni. Jamani, nilijiona nimetoboa.

Nikapanda ndege kuja kumwambia Zabron.

Kutoka Tunduma hadi nyumbani nilikuwa natabasamu peke yangu kwenye gari. Nikafika nikakuta ndugu wamejaa uani, nikajua ni sherehe yangu. Baba mdogo akanipokea begi.

"Kula kwanza, mwanangu."

"Zabron yuko wapi?"

"Kula kwanza."

Sisi huku tukikwambia ule kwanza kwa sauti ile, ujue kuna msiba, na hicho chakula hakishuki.

Nilikula. Kisha baba mdogo akasema Zabron hatunaye. Alikuwa anavusha ng'ombe mto Momba, maji yakaja kwa nguvu, akashindwa kujishikilia.

"Mkono alikuwa nao?"

"Aliuacha kitandani. Si ulimwambia usilowe?"

Sitaki kusimulia nilivyolia. Nililia mpaka sauti ikakata, na hata leo naandika hapa macho hayaoni vizuri.

Nilipotulia akili ikarudi. Nikawauliza, sasa jioni zote zile nani alikuwa anauvaa?

Baba mdogo akakiri meseji zilikuwa zake. Mama akaingia ndani, akatoka na mkono umefungwa kwenye kitenge.

Akakaa mkekani. Akavaa bangili kwenye mkono wake wa kulia, akaulaza ule wa roboti mapajani. Halafu akaweka mkono wake wa kushoto ndani ya vile vidole. Vikafunga polepole.

"Ulisema zisipokuja humalizi," akasema. "Sikujua nishike nini. Nikawa namshika yeye."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimewafundisha maprofesa.

Nilimwandikia msimamizi ukweli wote. Akanipa pole, na nadhani alimaanisha. Lakini sura ile imetolewa, udaktari umesimamishwa, na ile kazi amepewa mwingine. Nimeambiwa nianze utafiti upya na mtumiaji mwingine.

Mama aliposikia aliniuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo nimekuharibia?"

"Hapana, mama." Nikamshika.

Simlaumu mama. Alifanya kile wazazi wengi huku wanafanya: mtoto yuko shule mbali, msimwambie, mtamchanganya.

Lakini kama una mtoto anasoma mbali na msiba umeingia nyumbani, nakuomba mpigie simu. Mwambie, hata kama kesho ana mtihani. Mtihani unarudiwa, mimi mwenyewe narudia sasa hivi. Kaka yangu walimzika mara moja, na mimi sikuwepo.