Trafiki Wamesimama Wapi?

Juzi nilipanda teksi ya kuchangia kutoka Maili Moja kwenda Visiga, nikakaa mbele. Njiani dereva alichukua simu akampigia mwenzake aliyetangulia: "Oya, trafiki wamesimama wapi leo?"

Akiwa bado anasikiliza jibu, gari lilihamia upande wa pili wa barabara, na lori lilikuwa linakuja. Mama aliyekaa nyuma akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, lori."

Dereva akakata usukani kwa mkono mmoja. Lori likapita, vioo vyetu vikatetemeka. Nikajikuta nimeshika dashibodi kwa mikono miwili.

"Samahani, mama," akasema, simu bado sikioni. "Naogopa kukamatwa."

Simlaumu. Wengi wetu tunamwogopa trafiki kuliko lori. Hadi Visiga hatukukuta trafiki hata mmoja.