Omena za Ijumaa

Nataka kumsema Lorine kabla hasira haijanipoa, ila habari yenyewe ni ya Zilpah. Mimi na Zilpah tumeolewa boma moja hapa Muhuru Bay, yeye kwa kaka mkubwa, mimi kwa mdogo. Kwa miaka sita alifanya kazi Migori mjini, katika kampuni ya mbegu, akipokea simu za wakulima: mahindi yametobolewa na wadudu, mbolea imeganda, tufanyeje. Subira hiyo mimi sina.

Mama mkwe wetu alipopooza upande mmoja, ofisi ilikuwa imetangaza kwamba anayetaka anaweza kufanyia kazi nyumbani, mradi asitoke nje ya Kenya. Zilpah aliogopa kuipoteza kazi kwa kutoonekana. Lorine, ambaye dawati lake ofisini lilipakana na la Zilpah, ndiye aliyemtia moyo.

"Nenda umuuguze mama, Mama Levi. Huku niachie mimi."

Zilpah akaja nyumbani na laptopu na simu ya ofisi. Asubuhi alimwogesha mama, saa mbili yuko kazini. Kila Ijumaa alimtumia Lorine omena kavu, dagaa wa ziwa letu, zile safi zisizo na mchanga.

Kwetu hapa mpakani, ukisogea kidogo kuelekea ziwani, simu hunasa mtandao wa Tanzania, na hujavuka popote. Hata watoto wanajua. Kwa hiyo Zilpah alikaa nyuma ya jiko langu, ambapo mtandao wa Kenya haupotei. Lakini siku moja mvua ilitukuta omena zikiwa zimeanikwa, na huku hakuna mwanamke anayekaa kitako omena za mwenzake zikilowa. Alikimbia ufukweni simu ikiwa sikioni, akizoa kwa mkono mmoja huku akimweleza mkulima wa Kehancha jinsi ya kupima mbolea. Tulicheka sana. Jioni akamwandikia Lorine kwa mzaha: "Leo nimefanya kazi Tanzania bila pasipoti."

Wiki iliyofuata aliitwa Migori. Nilimsindikiza. Meneja, Bwana Mokua, alisema amevunja sharti, akatusomea maneno yale yale, mpaka pasipoti. Zilpah alimweleza habari ya mtandao.

"Mama, haya umeandika mwenyewe," Mokua akamjibu.

Kazi ikaishia hapo. Nafasi ya msimamizi ilikuwa wazi, na waliokuwa wakitajwa ni wawili tu, Zilpah na Lorine. Sasa amebaki mmoja, na mimi si mjinga.

Tulipotoka tulimkuta Lorine dawatini, macho kwenye kompyuta kana kwamba hatupo. Kando yake kulikuwa na kifurushi cha omena cha Ijumaa, bado kimefungwa kwa kamba ya Zilpah. Zilpah akakichukua, akakitia mkobani.

"Lakini Mama Levi, hicho si ulinipa?"

"Nilimpa rafiki yangu," Zilpah akasema, na ndipo machozi yakamtoka.