Somo la Yai

Kilichoninyima usingizi wiki ile kilikuwa swali moja: ningeliona kosa lile kama aliyelifanya si rafiki yangu?

Tulisoma lishe pamoja chuoni Lilongwe, vitanda vyetu vikitazamana. Kwao Kindu, kwetu Uvira, huko Kongo, na kote kuwili vita vilikuwa havijaisha. Shirika lilipotafuta mwalimu wa akina mama wa kambi yetu ya wakimbizi, Dzaleka, tuliomba wote. Wakamchukua yeye. Akapanga chumba mjini, mtaa wa Area 18, akawa anakuja kambini kila Jumanne na viatu vyake vya ngozi, na mama yangu mzazi ndiye aliyewahi kuliko wote kumwekea kiti.

Jumanne ile nilikaa nyuma. Alisema protini ni ukuta na asidi za amino ni matofali yake: mengine mwili unajifyatulia wenyewe, mengine lazima yatoke kwenye chakula. Mfano ule niliutunga mimi, kumsaidia kabla ya mtihani ambao aliishia kunizidi.

“Sasa hii ya lazima,” akasema, “yote njo iko mu yai, mu nyama, mu samaki. Maharagi haina yote ya kutosha.”

Akaishia hapo. Hakusema kwamba lisini, mojawapo ya matofali hayo, inayopungua kwenye mahindi imejaa kwenye maharage, na methionini, tofali jingine, inayopungua kwenye maharage ipo kwenye mahindi, kwa hiyo anayekula vyote viwili hapungukiwi. Nilisubiri aseme. Akina mama wakapiga makofi.

Kesho yake mama aliwauzia wachuuzi wa mji wa Mponela maharage yetu yote ya posho, akarudi na mayai machache na unga wa muhogo, maana kwetu bugali ni wa muhogo. Muhogo una protini kidogo hata kuliko mahindi. Mtoto wa dada yangu, aliyekuwa ameachishwa ziwa karibuni, alikula yai siku ile. Baada ya hapo ikawa bugali na mchuzi wa nyanya tu.

“Mama, tungebakisha maharagi, tukule na nsima ya mahindi.”

“Mwenzako amesema yai. Kazi walimupa nani, ni we?” Akacheka. “Acha wivu, mwanangu. Wivu haishibishake mutu.”

Nikawaza na kuwazua. Nikisimama darasani, watamcheka, nami nitafurahi. Furaha hiyo ndiyo iliyonitisha. Nikimwambia faraghani, atalirekebisha kwa sauti yake tamu, apigiwe makofi tena, kwa maneno yangu tena. Na nikinyamaza? Labda nilikuwa nakuza jambo dogo.

Jumapili, baada ya ibada, jirani yetu mwenye mapacha alikuja kumuuliza mama wachuuzi wananunua maharage kwa bei gani. Naye alitaka mayai. Mama akaanza kumwelekeza.

“Ngoja kwanza, mama mapacha,” nikasema. “Usiuze mpaka Jumanne.”

Jumatatu asubuhi nilipanda gari hadi Lilongwe. Alifungua mlango nywele zikiwa zimesukwa nusu.

“Eh, chérie! Leo umenikumbuka?”

“Nimekuja juu ya maharagi,” nikamwambia palepale mlangoni, kabla sijaanza kuwaza upya. “Somo yako iliishia katikati. Bamama banauza posho. Kesho ubaambie basiuze.”

Uso wake ukabadilika. Akanivutia kiti. Nikamweleza yote, lisini na methionini, polepole, nikarudia, ili kesho aseme vizuri.