Taa ya Dirishani kwa Dolores

Verna Huhtala alikuwa mpishi wa shule mpaka magoti yalipomkatalia. Tangu mumewe afariki aliishi peke yake katika nyumba ya mbao juu ya barabara yetu hapa kwenye rasi ya Keweenaw, ambako Ziwa Superior likichafuka hutumwagia theluji hadi madirishani. Wengi wetu dhoruba ya kwanza hutukuta tukinung'unika. Verna aliingoja kama watu wanavyongoja sikukuu.

Sababu ilikuwa Dolores Perreault, jirani yake wa ng'ambo ya barabara. Wawili hao walilea watoto pamoja, wakawa wajane karibu wakati mmoja, na tangu hapo wakajiwekea desturi. Dhoruba ya kwanza ikitangazwa, Dolores anafunga nyumba yake, anavuka na begi la nguo, na wanakaa kwa Verna mpaka greda lije kufungua njia. Wanakula, wanaoga mvuke wa sauna, wanacheza karata na kuibiana waziwazi. Ukiwapigia simu siku hizo wanakujibu harakaharaka, kama umewakatiza uhondo.

Mwaka huo redio ilianza kuitangaza dhoruba katikati ya Novemba. Verna akajifunga kibwebwe. Alihamishia kuni kavu barazani. Akajaza maji kwenye ndoo, kwenye masufuria, hata kwenye beseni la kuogea, maana umeme ukikatika pampu ya kisima nayo inalala. Akasugua vioo vya taa za mafuta. Beleshi akaliingiza ndani, kwa sababu anayeacha beleshi nje hulifukua kwa mikono. Kisha akaingia jikoni: mkate wa iliki wa kusukwa kama nywele, ambao bibi zetu walikuja nao kutoka Ufini, na pai za nyama na viazi, nyingine bila karoti kwa sababu Dolores hazipendi.

Jumapili mwanawe Wayne, fundi bomba wa mjini, alikuja kumsafishia dohani. Mama yake alimweleza mipango yote, mpaka chumba alichomtandikia Dolores. Wayne alikula kichwa kimeinama, akasema pai ni tamu, akaondoka mapema.

Siku moja kabla ya dhoruba, Dolores alipiga simu.

"Shoga, mwaka huu usininyime viazi," alisema. "Na jiko ulitie kuni za maana, si yale maganda ya mwaka jana."

"Wewe njoo na brendi yako, acha maneno. Huko nyuma ya kwako mawingu yameshafika?"

Dolores akakohoa. "Yamefika," akasema. "Nayaona hapa juu ya ghala, meusi tii."

Verna akamuuliza gari lake liko wapi, maana hakuwa ameliona siku kadhaa. Dolores akasema liko gereji linabadilishwa matairi.

Theluji ilianza mchana, kwanza taratibu, kisha kwa mshazari, upepo ukiikimbiza kutoka ziwani. Verna alivaa sweta yake nzuri, akaweka karata mezani na kukaa dirishani. Alisema baadaye kwamba saa zile za mwanzo zilikuwa tamu kupita kiasi. Nyumba inanukia iliki, jiko linanguruma, barabara inafutika mbele ya macho yako, na hakuna mtu duniani anayeweza kukudai uende popote.

Lakini Dolores hakuja. Verna alimpigia simu ya mkononi, haikupokewa. Ilipoanza kuingia jioni, taa ikawaka kwenye dirisha la Dolores, ile ya sebuleni yenye kivuli cha njano, na Verna akacheka peke yake. Bado anafungasha, akajisemea, huyo hata kaburini atachelewa. Akaweka pai kwenye oveni.

Punde umeme ukakatika barabara nzima. Taa ya ng'ambo ikazimika, na giza likakaa pale bila hata mshumaa kuwashwa. Dolores alikuwa na kifua kibovu. Verna akamwona akilini ameanguka kwenye ngazi za ghala, na magoti yake yakaacha kumuuma. Alivaa koti na vile viatu vipana vya kukanyagia theluji, akachukua tochi na ufunguo wa akiba, akavuka. Umbali wa kurusha jiwe tu ulimchukua muda wa kupika chungu cha maharage. Mara mbili alisimama asijue upande.

Alifungua mlango akiita. Ndani kulikuwa na baridi kama nje. Friji ilikuwa tupu, mlango wake umeegeshwa kwa taulo isiote ukungu. Viti vimefunikwa mashuka. Akaingia chooni akamulika, na ndani ya bakuli akaona ile dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia maji yasigande. Huku kwetu hakuna asiyejua maana ya rangi hiyo: nyumba imefungwa kwa majira yote ya baridi, mabomba yamekaushwa, na mwenyewe yuko mbali.

Kwanza alishukuru, maana alikuwa amejiandaa kukuta maiti. Kisha akaifuata ile taa ya dirishani. Ilikuwa imechomekwa kwenye kifaa cha saa, cha kuiwasha na kuizima yenyewe. Na juu ya mashine ya kufulia palikuwa na glavu za sufu zenye mistari ya kijani. Alizijua. Alikuwa amezifuma yeye, za Wayne.

Alirudi nyumbani, akavua koti, akapiga simu tena. Safari hii Dolores alipokea.

"Uko wapi?" Verna akauliza.

Dolores akaanza kulia. Alisema yuko Arizona kwa binti yake Renee, tangu juma lililopita, na kwamba kifua chake kisingestahimili majira mengine ya baridi. Alitaka kumwambia, ila kila alipofungua mdomo Verna alikuwa anaongelea kuni na pai.

"Jana uliponiambia unaona mawingu juu ya ghala," Verna akasema, "ulikuwa unaangalia nini?"

"Bwawa la kuogelea la Renee."

"Na viazi je?"

"Nilitaka tu tuongee kama kawaida, shoga yangu. Mara ya mwisho."

"Wewe ulijua ni ya mwisho. Mimi sikujua. Hapo hatukuongea, Dolores. Hapo ulikuwa unaniangalia nikicheza peke yangu."

Akaiweka simu polepole.

Kilichomuudhi zaidi, alivyonisimulia, ni kwamba dhoruba ilikuwa nzuri. Aliwasha sauna kwa sababu kuni zilikuwa tayari, akamwagia mawe maji, akakaa kwenye mvuke akisikiliza upepo ukigonga kuta, na mwili wake ukafurahi bila ruhusa yake. Alikula mkate na kahawa karibu na jiko. Pai zisizo na karoti aliziacha zikakauka kwenye sinia.

Greda lilipofungua njia, Wayne alikuja nyuma yake. Alikuta glavu zake mezani.

"Alinisihi nisiseme, Mama," akasema akiwa bado amesimama. "Aliniahidi atakuambia mwenyewe."

"Na ile taa?"

Alikwepa macho yake. "Alisema usipoona mwanga kule utaingiwa na wasiwasi."

"Kwa hiyo mkaniwekea taa. Kama mtoto anayeogopa giza." Akamsogezea kikombe. "Nilivuka mle, Wayne. Nilidhani nakwenda kumkuta amekufa."

Wayne akakaa, akafunika uso kwa mikono. Mama yake alimwacha vile mpaka kahawa ikapoa. Ilipofika Krismasi alikuwa amemsamehe, ila sasa Wayne akija kula, Verna huongea habari za hali ya hewa tu.

Dolores alirudi mwezi wa sita kuuza nyumba. Alikuwa amekonda na kuiva kwa jua. Akavuka na kikapu cha machungwa, akasema aliyoyasema kwenye simu, na Verna akasikiliza mpaka mwisho, akapokea kikapu, akamshukuru, akaulizia kifua chake. Huku kwetu hata mkusanya kodi hukaribishwa kahawa. Dolores alisimama kidogo pale barazani akingoja kuitwa ndani, kisha akashuka ngazi akarudi kwake.