Mgeni Hashiki Chaki

Mtu akiniambia mji wetu wa Kamina haufikiwi na wataalamu, nakasirika. Wataalamu wanafika. Shida ni kuwaacha waseme.

Jumamosi ile sisi watengeneza programu wa hapa mjini, kikundi kidogo cha walimu na makarani, tulimwalika mama mmoja kutoka Lubumbashi. Alikuja kutufundisha jambo moja tu: namna ya kuifanya programu isipoteze kazi umeme unapokatika. Somo lenyewe lilikuwa langu kabisa. Nilikuwa nimetengeneza programu ya kuhifadhi alama za wanafunzi katika shule ninayofundisha, na kila umeme ulipokatika, alama za darasa zima zilitoweka. Walimu wenzangu walikuwa wamenichoka. Prefe, mkuu wetu wa shule, alinipa mpaka Jumatatu: niirekebishe, la sivyo turudi kwenye karatasi.

Nilikaa mstari wa mbele, kompyuta mapajani. Jenereta ilikuwa inanguruma tangu asubuhi. Tukasali, tukaimba wimbo wa taifa, tukamsubiri mkubwa mmoja aliyeahidi kufungua mkutano. Hakuja. Akaja msaidizi wake na hotuba ndefu. Kisha rais wa kikundi chetu akawatambulisha wakubwa mmoja mmoja. Kila mmoja akasimama, akapigiwa makofi, akaomba naye aseme neno dogo. Mafuta yanaungua, sisi tunapiga makofi! Hatimaye mgeni akaitwa. Akachomeka waya wake, picha ya kwanza ikatokea ukutani, jenereta ikakohoa na kuzima. Mafuta yalikuwa yamekwisha.

Wengine walicheka, maana umeme umekatika kwenye somo la umeme kukatika. Mimi hamu ya kucheka sikuwa nayo.

Mama yule hakubabaika. Aligeuka, akaona ubao mweusi nyuma yake.

"Haina shida," akasema. "Munitafutie tu chaki. Minyi mwenyewe ntafasiria hapa."

Chaki nilikuwa nayo mkobani. Nikainuka mbio, rais akanizuia kwa mkono.

"Hapana! Mama iko mugeni wetu. Hawezi kuandika na chaki sawa mwalimu wa primeri. Ile njo kumukosea heshima."

"Lakini yeye mwenyewe njo anaomba!"

"Mama, ikala," rais akamwambia mgeni, akimsogezea kiti.

Heshima gani ya kumziba mtu mdomo? Mwalimu wa primeri ndiye aliyemfundisha rais mwenyewe kusoma, tena kwa chaki. Mgeni akaombwa neno la shukrani, basi. Akashukuru. Wakampeleka kwenye meza ya wakubwa kula kuku, na mimi nikasimama mlangoni na kompyuta yangu, nikiambiwa ningoje wakubwa wamalize. Walipomaliza, gari la kumrudisha Lubumbashi lilikuwa limeshawashwa. Nikamwomba rais namba ya simu ya mgeni. Akanipa namba ya kwake mwenyewe, eti mambo yote ya mgeni yanapitia kwake.

Jumatatu prefe akaniuliza mbele ya walimu wote.

"Ule mama ya Lubumbashi, alisema nini?"

"Alishukuru bakubwa, prefe."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa.

"Njo vile. Iko mama ya heshima."

Kisha akaanza kutugawia karatasi.